Majina Kumi na Manne

Wasomaji wangu wamenizoea nikiandika juu ya katiba, bajeti na chaguzi. Leo naomba niandike juu ya mstari mmoja wa programu ya kompyuta. Niliuandika mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita, katika idara ambayo sitaitaja, na mstari huo ulimweka mama mmoja mtu mzima mbele ya kamati ya uchunguzi kwa siku mbili.

Idara ilinitaka niitengenezee programu ya kutunza orodha ya wanafunzi na alama zao. Niliiandika kwa Java, lugha ambayo hujenga programu kwa vitu: kila kitu kina taarifa zake, na kina amri ambazo wengine huzitumia kukiomba kazi. Kitu changu kikuu nilikiita Daftari. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wanafunzi. Nje palikuwa na amri mbili tu, Sajili na Futa. Sajili ilihakikisha kwamba namba ya usajili haijatumika na kwamba kozi ipo. Futa ilidai sababu na jina la ofisa, kisha ikaliandika tukio zima katika kumbukumbu. Nilijivuna. Niliwaambia wanafunzi wangu darasani kwamba hakuna jina litakaloingia wala kutoka bila kupita mlangoni.

Kisha mwenzangu aliyekuwa akiandika programu ya taarifa za kikao cha watahini akaniomba njia rahisi ya kuyapata majina. Nikaongeza amri ya tatu, Orodha, yenye mstari mmoja tu: mrudishie orodha. Sikufikiri hata dakika moja.

Yeye alihitaji kuchapa matokeo yaliyokamilika. Akaichukua orodha, akawaondoa ambao alama zao za muhula zilikuwa hazijafika, akawapanga waliobaki kwa ufaulu, akachapa. Taarifa ilipendeza. Aliamini kabisa kwamba anakata majina katika karatasi yake mwenyewe. Jioni, kama kawaida, Daftari likajihifadhi katika faili, na nakala ya akiba ikafunikwa na hiyo mpya. Wanafunzi kumi na wanne hawakuwamo.

Wa kwanza kuja ofisini kwangu alikuwa binti wa mwaka wa pili.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Karibu.”

“Mwalimu, dirishani wananiambia sipo.”

Mkopo wake ulikuwa ukisubiri idara ithibitishe kwamba ni mwanafunzi, na idara ilikuwa ikimtaka alete uthibitisho kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi. Nilifungua kumbukumbu za Futa. Hazikuwa na kitu. Kwa kuwa niliuamini mlango wangu, usafi ule niliuchukua kuwa dalili ya hila: ikiwa jina limetoka na mlango haukufunguliwa, basi kuna mtu aliyetoboa ukuta. Mwenye funguo za ofisi ya mitihani alikuwa karani, mama aliyekuwa pale kabla mimi sijaajiriwa. Kamati ikaundwa, nami nikawa mjumbe wake. Aliulizwa ni nani aliyempa fedha. Aliulizwa hivyo mara nyingi, kwa maneno tofauti, na moja ya maswali hayo lilikuwa langu.

Usiku wa siku ya pili niliusoma upya msimbo wangu, nikaufikia mstari ule.

Katika Java, jina la orodha halibebi orodha yenyewe; hubeba rejea, yaani anwani ya mahali orodha ilipo. Ukimrudishia mtu rejea hujampa picha ya nyumba, umempa ufunguo. Akiondoa kiti, kiti kimetoka nyumbani kwako. Nami nilikuwa nimeiwekea orodha alama zote za heshima: alama ya faragha, na alama ya kutobadilishwa. Wanafunzi wengi hudhani kwamba alama hizo zinatosha, na hata baadhi ya walimu wao. Ya kwanza humzuia mtu wa nje asiiguse orodha kwa jina lake. Ya pili huzuia orodha nzima isiwekwe nyingine mahali pake. Hakuna kati ya hizo inayomzuia mtu uliyemkabidhi ufunguo asiimalize orodha hiyo hiyo, jina kwa jina.

Si mimi peke yangu niliyeanguka hapa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walifichua tundu katika toleo la Java 1.1.1, kazi ya kampuni ya Sun. Programu ndogo zilizotoka kwenye mtandao zilipewa imani kulingana na nani aliyezitia saini, na Java ilitunza ndani yake safu ya watia saini hao. Palikuwa na amri ya kuwataja. Amri hiyo ilirudisha safu yenyewe badala ya nakala yake, hivyo programu ngeni ingeweza kuandika humo jina la mtu anayeaminika na kujipatia imani yake. Mlango mzima wa ulinzi ulikuwa umejengwa kwa uangalifu, na ufunguo ukatolewa dirishani kwa adabu kabisa.

Nilipoanza kurekebisha, mwenzangu alinung'unika. “Mwalimu, wewe ndiye unayeandika kila siku juu ya uwazi. Sasa unaficha data?” Swali lake lilinisumbua kuliko msimbo. Sisi tunaodai uwazi tumezoea kulitumia neno hilo kwa mambo mawili, kuona na kugusa, kana kwamba ni jambo moja. Nchini Tanzania, Daftari la awali la Wapiga Kura huwekwa wazi ili kila mwananchi alitazame jina lake. Anayeona kosa hachukui kalamu akalifuta jina la jirani. Huomba marekebisho au huweka pingamizi, kwa ofisa anayejulikana na kwa utaratibu unaojulikana. Daftari lisiloonekana ni hatari. Daftari ambalo kila mtazamaji ameshika kalamu ni hatari vilevile. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba watumishi hewa walioondolewa katika orodha ya mishahara wamepita 10,000, tulibishana sana juu ya nani aliyaandika majina yale. Niliwasikia wachache mno wakiuliza orodha ile ilikuwa na milango mingapi.

Kwa hiyo amri ya Orodha niliigawa mara mbili. Tangu Java 1.2 ya mwaka 1998 imekuwapo njia ya kuifunika orodha kwa kifuniko cha kusomwa tu. Atakayejaribu kuongeza au kuondoa jina, programu humkatalia papo hapo. Kifuniko hicho nilikipa dirisha la karani, kwa sababu huonyesha daftari kama lilivyo sasa, na mabadiliko ya halali huonekana mara moja. Kikao cha watahini nilikipa nakala, kwa kuwa watahini wanataka hali ya siku ile, isiyotikisika wakati wakijadiliana. Nakala hugharimu kumbukumbu ya mashine, lakini kwa wanafunzi wa idara moja gharama hiyo si kitu.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Orodha ilikuwa imefungwa, lakini kila mwanafunzi aliyemo alikuwa naye ni kitu chenye amri ya kubadili alama. Nilikuwa nimefunga kabati na kuyagawa mafaili. Ikabidi nimwandike Mwanafunzi upya, awe kitu kisichobadilika baada ya kuumbwa, na alama mpya ipite katika Daftari. Ikabidi pia niutazame upande wa kuingizia. Orodha iletwayo na ofisi nyingine ilipaswa kunakiliwa kwanza, na nakala hiyo ndiyo ikaguliwe. Ukikagua ile uliyoletewa, aliyeileta bado anaishika mkononi na anaweza kuibadili wakati wewe umeshasema ni safi.

Asubuhi ya siku ya tatu, kabla ya kamati kukaa, nilikwenda ofisi ya mitihani. Nilimwambia mama karani kwamba kosa lilikuwa langu na kwamba nitalisema hivyo mbele ya wenzangu. Alinyamaza kwa muda.

“Mwalimu,” akasema, “jana uliniuliza kama nina watoto wanaosoma na nawalipia kwa mshahara gani.”

“Ndiyo, mama. Nisamehe.”

Hakunijibu. Alivuta droo akatoa daftari la kaunta lenye jalada gumu, alimoandika kwa mkono kila mwanafunzi aliyewahi kusajiliwa, hata baada ya mashine kuja. Nilinyoosha mkono nilipokee. Alilirudisha kifuani, akavaa miwani, akaniambia nitafute kalamu na karatasi yangu. Akanisomea majina kumi na manne, moja baada ya jingine, nami nikaandika.