Binti Anayetaka Sheria na Elimu ya Uhalifu

 

Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, wazazi hunijia baada ya sala ya Isha kunitaka shauri. Mara hii alinijia mama mmoja na swali nisilolizoea. Binti yake amepasi vyema, na anataka kusoma sheria pamoja na kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, sababu zake na njia za kuuzuia. Baba mtu ameiridhia sheria, lakini hiyo ya pili imemtia hofu. “Sheikh,” akaniuliza mama yule, “mtoto wa kike akasome habari za wezi na wauaji kwa faida gani?” Nilimjibu kwa ufupi usiku ule. Leo napenda kulijibu kwa urefu, kwani swali hili si la nyumba moja.

Elimu mbili hizi hutazama kitendo kimoja kwa macho mawili. Sheria huuliza: ni nini kilichotendwa, kimethibiti vipi, na hukumu yake ni ipi? Kriminolojia huuliza: kwa nini kimetendwa, kwa nini mtaa huu na si ule, na lipi litakalomzuia huyu asirejee? Sisi tuliosomeshwa fikihi katika madrasa hatuwezi kuliona jambo hili kuwa geni. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, alieleza kuwa mufti na hakimu hawawezi kuhukumu kwa haki ila wawe na fahamu mbili: fahamu ya hali halisi ilivyo, na fahamu ya hukumu inayoipasa hali hiyo. Mwenye moja bila ya nyingine hupoteza haki za watu.

Mfano mkubwa ni Sayyidna Umar (R.A.). Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar alikwisha kuamuru wakatwe mikono, kisha akatazama nyuma ya kitendo, akaona kuwa bwana wao anawashindisha njaa. Hapo hukumu ikamgeukia bwana. Ngamia alikuwa na thamani ya dirhamu 400, naye Hatib akaamriwa alipe 800. Umar hakusema wizi ni halali. Alitafuta mzizi wake, na mzigo akamtwika aliyestahiki kuubeba.

Tukumbuke pia kisa alichokisimulia Mtume (S.A.W.) cha mtu aliyeua watu 99, kisha akatimiza mia. Mwanachuoni aliyemwongoza hakumwambia atubu tu, bali alimtaka auhame mji wake, kwa kuwa ulikuwa mji muovu, aende kwenye watu wema wanaomwabudu Mwenyezi Mungu. Toba ilibaki juu ya shingo yake mwenyewe, lakini mazingira nayo yalitazamwa.

Wanachuoni wa kriminolojia wamefika huko kwa njia ndefu. Mwaka 1876 tabibu wa Kitaliano, Cesare Lombroso, aliandika kuwa kuna watu waliozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulikana kwa umbo la fuvu na taya. Rai hiyo ilikuja kukataliwa. Mwaka 1942, Clifford Shaw na Henry McKay walichapisha uchunguzi wao wa mji wa Chicago nchini Marekani. Waliona kuwa mitaa fulani ilibaki na makosa mengi ya vijana miaka nenda miaka rudi, ingawa wakazi wake walihama na nafasi zao kushikwa na watu wa asili nyingine. Watu walibadilika, taabu ya mtaa ikabaki palepale. Sisi tunaosikia vijana wa mitaa yetu wakishukiwa kwa majina yao na kanzu zao, tuna haja kubwa ya mtu wa kuisimamisha hoja hiyo mbele ya hakimu kwa ushahidi, si kwa malalamiko.

Na hapa ndipo akina mama wanapohusika zaidi. Mtoto anapotiwa hatiani, hakimu aweza kuitisha ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya kutoa adhabu. Afisa huyo huja nyumbani, akauliza malezi, marafiki na mwenendo. Mama kwa kuona haya huficha kwamba mwanawe anatumia unga, akajibu tu kuwa ni mtoto mwema. Ripoti ikaenda kortini bila ya kutaja maradhi, na hakimu akamhukumu mgonjwa kama mtu mzima wa afya. Laiti angekuwapo wakili aijuaye sheria na auelewaye uhalifu, tena mwanamke ambaye mama yule angeweza kukaa naye ukumbini na kumfunulia moyo! Angemweleza kuwa Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 haimhesabu aliye chini ya miaka 12 kuwa anaweza kubeba jinai.

Wapo wasemao: “Basi binti yetu atakuwa mtetezi wa wezi.” Qurani imelijibu hili katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kuwa mtu aliyejinasibisha na Uislamu aliiba deraya, na jamaa zake wakataka lawama imwangukie Myahudi. Aya zikashuka kumkataza Mtume (S.A.W.) kuwatetea wahaini, na Myahudi akatakasika. Uwakili wa haki ndio huo: kutoificha khiyana ya wetu, wala kutomwacha asiye na kosa, awaye yote.

Sasa njia yenyewe. Hapa Kenya, shahada ya sheria huchukua miaka 4, na mwombaji wa kidato cha nne hutakiwa awe na wastani wa C+ pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kisha huingia Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo na mitihani ya uwakili. Kriminolojia kwa kawaida ni shahada ya peke yake. Inafungua milango ya probesheni, magereza na huduma za watoto, lakini haimfanyi mtu kuwa wakili. Uingereza vipo vyuo vinavyozifundisha mbili hizi katika shahada moja. Anayekusudia huko na aulize kwanza Baraza la Elimu ya Sheria kama shahada hiyo itatambuliwa hapa, kabla baba hajauza kiwanja. Kwa wengi, naona lililo salama ni kutanguliza sheria, na kuitafuta kriminolojia ndani yake au baada yake.

Wazazi wenzangu, mkimwona binti ana kiu ya elimu hii, msiivunje. Wanetu wako rumande hivi sasa, na kuwajua ni faradhi ya kutosheleza ambayo bado hatujaitekeleza. Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu elimu yenye manufaa na ulimi wa kweli. Amin.