Ziwa Lililofungia Karanga

Nilipokuwa darasa la nne huko Wamaza, mwalimu alitaka kila daftari litiwe jalada. Nyumbani karatasi ngumu ilikuwa moja tu: ramani ya baba ya enzi za Wabelgiji, sentimita moja kwa kilomita mbili, imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imetoboka. Kulia palikuwa na milima ya Kibara, mistari ya kahawia imezungukana kama alama ya kidole gumba. Kushoto, ziwa Kisale na ziwa Upemba, na kandokando yake vistari vya buluu vilivyolala, vistari tu, hakuna mji wa maana. Nikachukua mkasi. Milima ikavika daftari la hesabu. Vistari mama akafungia karanga.

Tuseme ukweli, baba ramani ile hakuisoma. Yeye alipeleka mchele wetu Kongolo kwa baiskeli, akapanda meli kuelekea Bukama, safari ya kilomita 645 juu ya mto Lualaba, akarudi na samaki wakavu wa Kikondja. Ada yetu ya shule ilitoka mle mle kwenye vistari. Alitusimulia mafunjo ambayo mizizi yake haigusi chini: upepo ukivuma kisiwa kizima kinahama, na mlango wa maji ulioupita juzi leo ni majani, mabaharia wanashuka na mapanga. Ramani gani ingeyafuata hayo? Nadhani aliitunza kwa sababu ilikuwa na majina ya vijiji vya watu aliowadai.

Aliporudi akaliona daftari. Akapitisha kidole ukingoni.

“Kikondja iko wapi?”

“Kule hakuna kitu, baba. Ni maji tu.”

“Basi ziwa langu limeuzwa pamoja na karanga,” akasema, akacheka. Nami nikacheka.

Ukubwani nilisoma kwamba mwaka 1957 watafiti walichimba Sanga, kando ya Kisale, wakakuta makaburi, mengine yamepita miaka 1,000, wafu wamelazwa na vyungu vyao na mapambo ya shaba. Baba alikuwa amekwisha kufa. Simu yangu sasa hunionyesha bonde lote kutoka angani, kijani kitupu. Alipitia mlango upi, hayupo wa kunionyesha.

Daftari ninalo. Ukingoni mwa jalada, pale mkasi ulipokata jina la ziwa, zimebaki herufi tatu: ALE.