Kilifi, Mbele ya Hadubini

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya kaskazini, ukavuka daraja la Nyali kisha lile la Mtwapa, mji huachana nawe polepole. Maduka hupungua, minazi huongezeka, na ukifika Vipingo unaingia katika mashamba ya mkonge yaliyopandwa safu kwa safu hadi macho yachoke. Baada ya Takaungu kubaki mkono wa kulia, ardhi hukatika ghafla na bahari huonekana imeingia ndani ya nchi. Hiyo ndiyo hori ya Kilifi. Watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka walivyokuwa wakisubiri feri hapo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Siku hizi unavuka kwa dakika moja, na ng'ambo ya pili mji umeketi juu ya jabali lake, chini ya miti ya mwarobaini ambayo watu wengi wa Pwani huiita mikilifi.

Sisi tuliosafiri tulikuwa kina mama 14 wa darsa moja la Kisauni, pamoja na mabinti 7 waliomaliza kidato cha nne. Hatukwenda kutazama magofu ya Mnarani, ingawa yanastahili safari yake. Tulikwenda kuona namna wanafunzi wa maabara na wa uuguzi wanavyofundishwa kazi za mikono yao. Chuo tulichozuru hatutakitaja, kwani tuliombwa tusiwatangaze wanafunzi, na tuliyoyaona hufundishwa vivyo hivyo katika vyuo vingi vya tabibu nchini.

Safari yenyewe ilitokana na shauri la mwenzetu mmoja. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusomea stashahada ya maabara, masomo ya miaka 3, na siku za kuripoti zilikuwa zimekaribia. Mama hakukataa wala hakukubali. Aliogopa damu na magonjwa yanayobebwa na damu, aliogopa maisha ya bwenini, na zaidi ya yote alijiuliza mwanawe ataswalije akiwa na nguo zilizoshinda siku nzima karibu na najisi. Baadhi yetu tulikuwa na majibu ya haraka, lakini majibu ya haraka hayamtulizi mzazi. Tukaona ni afadhali twende tukatazame.

Kilifi si mahali pa kubahatisha kwa elimu ya namna hii. Kando ya hospitali ya kaunti, tangu mwaka 1989, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wameendesha kituo cha utafiti ambacho kazi zake juu ya malaria husomwa duniani kote. Mtu anayepita sokoni kununua samaki hawezi kulijua hilo.

Mkufunzi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alianza mahali ambapo huwaanzisha wanafunzi wake wote, yaani kwenye beseni la kunawia. Kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60, na kila sehemu ina zamu yake: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, ncha za kucha, na vidole gumba kimoja kimoja. Mmoja wetu alinong'ona kwamba wenye kutawadha mara tano kwa siku hawahitaji somo hilo. Mkufunzi alimsikia, akatabasamu. Alisema wanafunzi wa Kiislamu kweli hawasahau kupitisha vidole kati ya vidole, lakini gumba husahauliwa na kila mtu wa kila dini.

Kutoka hapo tuliingia chumba chenye mikono ya mpira iliyolazwa juu ya meza, yenye mishipa bandia ndani yake iliyojazwa maji mekundu. Hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kutoa damu kabla ya kuruhusiwa kumgusa binadamu. Hufunga mpira juu ya kiwiko, usizidi dakika moja, maana damu ikisimama mno matokeo hubadilika. Hupapasa mshipa kwa ncha ya kidole, hupangusa kwa spiriti na kuiacha ikauke yenyewe, kisha huingiza sindano kwa mlalo, si kwa kuisimamisha. Vichupa vya damu vina vifuniko vya rangi, na kila rangi ina kazi yake. Cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya kuhesabu chembe. Cha kijivu ni cha kupimia sukari. Chekundu huiacha damu igande. Sindano iliyokwisha kutumika haifunikwi tena kwa mkono. Inaangushwa moja kwa moja ndani ya sanduku gumu, na sanduku hilo hufungwa likijaa robo tatu tu.

Lakini lililotugusa zaidi katika chumba hicho halikuwa sindano, lilikuwa swali la jina. Mwanafunzi haruhusiwi kumwuliza mgonjwa, "Wewe ndiwe Fatuma Ali?" Ni lazima aulize, "Bibi, jina lako kamili ni nani?" na kuliacha jibu litoke kinywani mwa mgonjwa, kisha alilinganishe na karatasi na namba yake. Sisi watu wa Pwani tunaelewa sababu yake kuliko wengine. Katika wodi moja wanaweza kulala kina Fatuma Ali watatu, na bibi mwenye homa, kwa adabu aliyolelewa nayo, atamwitikia "naam" kijana yeyote aliyevaa koti jeupe. Kichupa nacho huandikwa jina pale pale kando ya kitanda baada ya damu kutoka. Hakiandikwi mapema, wala hakipelekwi kikaandikwe mezani. Mkufunzi alitueleza kwa utulivu maana ya kosa hilo: mtu wa kundi O akiongezwa damu ya kundi A kwa sababu vichupa vilibadilishana majina, mwili wake huishambulia damu hiyo papo hapo, na anaweza kufa. Makundi hayo yamejulikana tangu Karl Landsteiner alipoyagundua huko Vienna zaidi ya miaka 120 iliyopita. Leo wanafunzi huyapima juu ya kigae cheupe kwa tone la dawa ya buluu na tone la dawa ya manjano, wakaona kwa macho yao damu ikikatika kama maziwa yaliyoharibika. Kupima ni rahisi. Kuhakikisha damu ni ya nani ndiyo kazi.

Chumba cha hadubini kilikuwa kimya kama msikiti baada ya adhuhuri. Tuliruhusiwa kutazama kwa zamu. Kwa kupima malaria, tone la damu hutandazwa kwa namna mbili juu ya kioo: tandazo nene la kutafutia vimelea, na tandazo jembamba la kutambua ni aina gani. Jembamba hukazwa kwa methanoli. Nene haligusishwi methanoli kabisa, ili chembe nyekundu zipasuke na vimelea vibaki wazi. Kisha vyote viwili hutiwa rangi ya Giemsa. Wengi wetu tulidhani kimelea kingeonekana kama mdudu. Kumbe ni kijipete cha buluu chenye kidoa chekundu, kidogo hata bibi mmoja aliyesahau miwani aliapa kwamba hakuna kitu. Mwanafunzi haruhusiwi kuandika kwamba hakuna malaria mpaka awe amechunguza maeneo 100 ya kioo. Na akiviona, huvihesabu: idadi ya vimelea kwa kila chembe nyeupe 200, akazidisha mara 40 apate makadirio ya kila tone dogo la ujazo wa milimita moja ya mraba-tatu. Hesabu hiyo ndiyo humwonyesha daktari ikiwa vimelea vinapungua baada ya dawa.

Hapo mwenzetu mwingine, ambaye njia nzima hakuwa na maneno mengi, alisimulia habari ya mwanawe. Tangu utotoni alikuwa akivimba vidole na kulia kwa maumivu ya mifupa, na zahanati moja ikawa inampa dawa za malaria kila mara bila kutazama damu yake. Alikuwa na miaka 6 alipopimwa kwa mara ya kwanza mahali pengine, ikabainika ana ugonjwa wa seli mundu. Mkufunzi hakusema lolote juu ya zahanati hiyo. Alichukua kioo kingine kabatini, akakiweka chini ya lenzi, akamwita mama huyo atazame. Chembe nyingine zilikuwa duara, nyingine zimejikunja kama mwezi mwandamo. Alitazama kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyemharakisha.

Ugonjwa huu ni wetu, watu wa Pwani, na ni vyema ukazungumzwa majumbani kabla ya posa kujibiwa. Mwenye kurithi chembechembe hizo upande mmoja tu huwa mzima, tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo watafiti wa Kilifi ni miongoni mwa waliolithibitisha. Lakini wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Katika koo zetu ambamo binamu huoana, kipimo hicho kina thamani kuliko baadhi ya vyombo vinavyopelekwa na mahari.

Wanafunzi wa uuguzi tuliwatazama kwa muda mfupi tu. Walikuwa wakijifunza kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na kifua kikiwa wazi. Mama yeyote anaweza kulifanya hilo nyumbani: mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka kupita kiasi, wa mwaka hadi miaka 5, ni 40. Mwenye kikohozi na pumzi hizo apelekwe hospitali.

Maswali ya dini yalijibiwa na wanafunzi wenyewe, mabinti wawili wa kutoka Malindi na Lamu, na walijibu kwa heshima bila kutuona washamba. Mtandio huingizwa ndani ya koti na kubanwa, kwa sababu kuna moto wa kuchomea vifaa na nguo inayoning'inia ni hatari. Koti hubaki maabara; halivaliwi kwenda kula wala kuswali, na kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya vijidudu, nao wanaifurahia kwa sababu yao wenyewe. Chini yake nguo ni safi. Kuhusu mwezi wa Ramadhani, walieleza kwamba huwatuliza wagonjwa wanaoogopa kutolewa damu mchana, kwani katika madhehebu ya Imamu Shafi kupigwa chuku hakubatilishi saumu, na kichupa kimoja cha damu ni kidogo kuliko chuku. Na kuhusu kuwagusa wanaume, yule wa Lamu alisema jambo lililotufanya tutazamane: wapo akina mama wanaorudi nyumbani bila kupimwa wakikosa mwanamke wa kuwahudumia. Tulimkumbuka Bibi Rufaida wa Madina, aliyemtibu Saad bin Muadh katika hema lake alipojeruhiwa siku ya Khandaq. Karo na bweni tulivizungumza pia, kwa kirefu kuliko inavyofaa kuandikwa hapa. Kwa ufupi, si vyepesi, na mzazi aulize mapema juu ya mikopo na misaada ya kaunti yake.

Mama wa binti mwenye nafasi hakuuliza chochote siku nzima. Alitazama mikono ya mpira, alitazama masanduku ya sindano, alihesabu glavu. Tulipokuwa tukivaa viatu baada ya swala ya alasiri ndipo alipomfuata mkufunzi, akamwuliza wanafunzi hulindwaje na homa ya ini. Akajibiwa kwamba kila anayeingia huchanjwa chanjo ya hepatitisi B mara tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita, na kwamba ni bora ya kwanza ichomwe kabla ya kuripoti. Aliitoa simu yake mkobani, akayaandika yote matatu, kisha akauliza kama Mombasa chanjo hiyo hupatikana siku ya Jumamosi.