Ingwe Niliyorithishwa

Nilizaliwa mwaka wa 1998, mwaka ambao AFC Leopards ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya. Hadi kufikia 2025 haikuutwaa tena. Marehemu baba alinirithisha Ingwe, yaani chui, kwa masimulizi: vikombe vitatu vya CECAFA mfululizo, 1982 hadi 1984, alivyovisimulia mithili ya ngano za mashujaa. Wenzangu hunikejeli: “Mvumilivu hula mbivu, wewe utakula lini?” Nakiri, zipo Jumapili nilizotamani kuihama. Hata hivyo, timu inaposhuka dimbani kwa buluu na nyeupe, kiti kilicho kando yangu huwa bado ni cha baba. Nikiihama Ingwe, nitaketi naye wapi?