Wino Unaofutika na Wino Unaosalia

Idi inapokaribia, simu zetu hujaa salamu. Picha moja ya mwezi mwandamo na kuba la msikiti huzunguka mji mzima, na kwa jioni moja yaweza kukufikia kutoka kwa jamaa kumi. Silaumu, salamu ni salamu, na kuijibu ni wajibu. Lakini salamu ya namna hiyo haina mwandiko, na mwandiko ni sehemu ya mtu. Ndiyo maana nyumbani kwetu kadi za Idi twazitengeneza kwa mikono, na wino wake twaupika wenyewe jikoni.

Kilichonipeleka kwenye wino wa nyumbani si uhaba wa kalamu madukani. Kadi za kuchapishwa aghalabu hubeba aya au jina la Mwenyezi Mungu, na siku chache baada ya Idi twaziona majaani, zimelala pamoja na maganda ya ndizi. Moyo hauwezi kutulia kwa jambo hilo. Wazee wetu walilifikiri zamani. Chuoni, mwanafunzi aliandika somo lake kwenye ubao kwa wino wa masizi. Alipokwisha kulihifadhi, ubao ulioshwa, na maji yake yakamwagwa mahali safi pasipokanyagwa. Wino ule ulichaguliwa kwa sababu unafutika, na kufutika kwake kulikuwa ni heshima.

Elimu hii haikuwa ngeni katika Uislamu. Al-Mu'izz ibn Badis, aliyetawala Ifriqiya, nchi ambayo leo ni Tunisia, katika karne ya 11, ananasibishwa na kitabu kizima juu ya kalamu, wino na kujalidi vitabu. Nasi hapa pwani tuna Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Hawakuwa watu wa kungoja wino uletwe na meli.

Wino wa masizi nautengeneza hivi. Nawasha taa ya utambi wa pamba kwa mafuta ya ufuta, kisha naweka sahani ya bati juu ya ndimi za moto, mahali penye hewa lakini pasipo upepo. Masizi hujikusanya chini ya sahani, nami huyakwangua kwa unyoya juu ya karatasi. Ni mepesi kuliko unga, hivyo nafunika pua kwa kitambaa na watoto nawaweka mbali. Upande mwingine, kijiko kimoja cha gundi ya mgunga iliyotwangwa hulala usiku kucha katika vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu, na asubuhi huchujwa kwa kitambaa. Masizi hukataa maji, hayatakubali kuchanganyika kwa kukorogwa tu. Hapana budi kuyasaga pamoja na gundi ndani ya kinu kidogo kwa nusu saa au zaidi, mpaka yalainike. Tone la asali huuzuia wino usipasuke ukikauka, na punje ya karafuu ndani ya chupa huchelewesha ukungu. Ukiwa mzito, ongeza maji kidogo kidogo.

Wino huu ni mweusi kama usiku wa kusi, wala jua haliupaushi. Ila maji huuchukua. Juu ya ubao laini huondoka wote. Juu ya karatasi huacha kivuli, kwa kuwa karatasi hunywa.

Wino wa pili ni kinyume chake. Wengi wetu twajua kwamba gome la mkoko lina ukali unaotia ngozi rangi na kuihifadhi. Ukali wa jinsi hiyo umo pia ndani ya ganda la komamanga, nami napendelea ganda, kwa kuwa halimchubui mti na vinginevyo lingetupwa. Maganda ya makomamanga manne nayachemsha kwa vikombe vitatu vya maji mpaka kisalie kikombe kimoja, kisha nachuja. Wiki moja kabla, huwa nimekwisha kutia misumari yenye kutu ndani ya siki, kwenye gilasi iliyofunikwa kwa kitambaa, si kwa kifuniko cha kukaza, maana siki hiyo hutoa hewa. Nikidondoshea maji ya misumari ndani ya maji ya komamanga, rangi ya chai hugeuka papo hapo ikawa nyeusi ya kijivu. Watoto hawachoki kuitazama. Hutiwa matone machache tu, kwani chuma kikizidi huila karatasi baada ya miaka. Mwisho natia gundi kidogo ili wino usitawanyike. Chupa yake huandikwa jina na kuwekwa juu, kwa sababu si kitu cha kunywewa.

Wino huu, ukiandika, huwa hafifu. Ukipigwa na hewa huzidi kukolea, na huingia ndani ya karatasi ukakaa. Maji hayauondoi kwa urahisi.

Basi kila wino una mahali pake. Aya hatuiandiki kwenye kadi. Watoto huiandika kwenye ubao kwa wino wa masizi, wakaisoma, wakaiosha kwa adabu. Kwenye kadi huandikwa maneno yetu sisi wenyewe: kuombeana heri, kutakana radhi, habari za nyumbani. Hayo huandikwa kwa wino wa komamanga, kwa kalamu ya mwanzi iliyochongwa mshazari, juu ya manila iliyokunjwa. Maua ya pambizoni hupakwa manjano na hina, ingawa manjano hupauka upesi juani.

Binti yangu mkubwa yuko Muscat kikazi, na hii ni Idi ya tatu bila yeye. Mwaka jana simu yake iliharibika, na kila nilichokuwa nimemwandikia kwa miaka miwili kikapotea pamoja nayo: nasaha, mapishi, hata habari ya kufariki bibi yake. Aliponipigia kwa simu ya mwenzake aliniambia, "Mama, mwandiko wako ninao. Kadi iko chini ya mto." Ilikuwa kadi moja, iliyobebwa na jirani aliyesafiri. Ndani yake nilikuwa nimeandika mistari minne tu, na nimemtaja bibi yake akiwa hai, akimsalimu.

Tangu siku hiyo sihesabu kazi hii kuwa mchezo wa kuwashughulisha watoto wakati wa likizo. Mistari minne yatosha, mradi iwe yetu na iandikwe kwa kitu kitakachodumu. Komamanga zipo sokoni, misumari yenye kutu haikosekani katika nyumba yoyote, na wiki moja ya kungoja siki si ndefu kwa mtu aliye na mpendwa ng'ambo. Mwenye mzee nyumbani na ampe kalamu naye, aandike japo jina lake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi walio mbali, awarehemu waliotangulia, na atukutanishe katika heri. Amin.