Chuo cha Ufundi cha Mombasa na Lugha ya Fundi

Mtu akitaka kuijua tabia ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor kisiwani, na aanze na majina yake. Chuo hiki kimebadili jina mara nne, na kila jina ni habari ya zama zake.

Katika mwaka wa 1948 Sir Bernard Reilly alitumwa na Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuzunguka Afrika ya Mashariki, ili atazame kama yawezekana kuweka chuo cha elimu kwa Waislamu. Wazo lenyewe lilikuwa la Sir Philip Mitchell, Gavana wa Kenya. Fedha hazikukawia. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa paundi 100,000. Aga Khan naye akatoa 100,000. Waziri wa Makoloni 50,000, na jamaa ya Mabohora 50,000. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka wa 1951. Hapana budi kusema kweli kwamba chuo hicho kilizaliwa katika utaratibu uliowagawa watoto kwa rangi na dini. Walakini haja iliyokizaa ilikuwa ya haki, maana vijana wengi wa Kiislamu walikuwa wameachwa nyuma katika elimu ya kazi.

Mapema katika miaka ya 1960 mlango ulifunguliwa kwa wote. Mwaka wa 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi, mwaka wa 1972 Politekniki, mwaka wa 2007 Chuo Kikuu Kishiriki, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo hufundisha uhandisi wa umeme, wa ujenzi, wa mitambo, na hata wa vyombo vya hospitali. Huo ni mwendo mkubwa kwa chuo kilichoanza kama skuli ya sekondari ya ufundi.

Lakini ufundi haukuja Mombasa mwaka wa 1951. Pwani hii ilikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake lilikuwa mkeka. Aliyeshona ubavu wa chombo namna ile alijua jinsi bahari inavyosukuma na jinsi mbao inavyopokea msukumo, ingawa hakuandika hesabu yake. Na alikuwa na maneno. Jahazi lina mkuku, mataruma na foromali. Sandukuni mwa fundi mna tezo, randa, patasi, keekee na timazi. Hakuna hata moja katika maneno haya lililotungwa na kamati. Yalitoka mikononi mwa watu, mengine yakiwa wageni waliokuja na pepo za kaskazi na kupata uraia.

Elimu ya uhandisi, hapo na katika vyuo vikuu vyote vya Kenya, hutolewa kwa Kiingereza. Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Ilipungua sana mwaka wa 1990, ilipotoka Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia huko Dar es Salaam. Kani, ambalo wazee walilitumia kwa nguvu na ushupavu, sasa ni neno la fizikia. Kani ikigawanywa kwa eneo, jibu lake ni kanieneo. Na mwendo uzidipo kuchapuka, huo ni mchapuko. Mtoto wa Mombasa huhitaji dakika chache tu kuyaelewa haya, kwa kuwa nusu ya maana anayo tangu nyumbani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mombasa ni bandari. Meli zake ni za dunia nzima, na vitabu vya mitambo yake ni vya Kiingereza. Mhandisi asiyekijua Kiingereza atafungiwa milango mingi, na mwenye kumtakia hayo hamtakii mema. Ila hapana aliyeomba Kiingereza kiondoke. Linalotakiwa ni dogo: kwamba mwanafunzi atakapotoka na shahada yake aweze kulieleza jambo lile lile kwa lugha mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezifanya zote mbili kuwa lugha rasmi; karakana haikutengwa.

Maana kijana huyo hatafanya kazi peke yake. Siku ya kwanza katika jengo atakuta mwashi mwenye mvi, aliyejifunza kwa baba yake, ameshika timazi na anangoja kuambiwa ukuta uanzie wapi, na kwa nini nguzo hii imeongezwa chuma kuliko ile. Atamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Neno hilo analo. Habari ya nguzo ataanza kuitafutia maneno palepale, huku mwashi akisubiri na zege likikauka.