Tulipojifunza haka mjini Christchurch

Tulifika Christchurch, katika Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, mwezi wa Julai, wakati kwao ni kipupwe na jua huzama saa kumi na moja jioni na dakika chache. Tulikwenda kumzuru dada yetu anayeishi huko na mumewe kikazi. Hata uchovu wa safari haujatutoka, tukatwishwa kesi. Mwana wao wa miaka 12 alikuwa amejiunga na kundi la haka shuleni kwake. Baba amekataza, mama anatetea, na wote wawili wamekubaliana jambo moja tu, kwamba mjomba wa mtoto, aliyesoma chuo cha Kiislamu na kushika ukatibu wa kamati ya msikiti, ndiye atakayeamua.

Tunakiri kwamba hukumu tulikuwa nayo tangu uwanja wa ndege. Haka tuliijua kama wengi wetu tunavyoijua, kwa kuwaona katika televisheni wachezaji wa raga wa timu yao ya taifa wametoa ndimi na kukodoa macho mbele ya wapinzani. Tuliyaona kuwa ni majigambo matupu. Shemeji alifurahi alipotuona tumekunja uso, lakini dada yetu akasema, "Kaka, nenda kwanza ukaone."

Tukaenda. Mwalimu wao, mzee wa Kimaori ambaye watoto humwita Matua, yaani baba, hakutuacha tukae pembeni kama wakaguzi. Alitupa karatasi ya maneno, akatuketisha sakafuni pamoja na watoto wageni kama sisi. Kwa muda unaokaribia saa nzima hakuna aliyenyanyua mguu. Ndivyo ngoma za watu wa Polinesia zilivyo kwa anayeanza: humwingia kwa kinywa kabla ya miguu. Hula ya Hawaii iko hivyo, na lakalaka ya Tonga pia. Maneno hutangulia, na mikono huja kuyafasiri. Asiyejua anachokisema huwa anarusha viungo tu.

Hapo tukapata fahari ya ghafla. Irabu za Kimaori ni zetu zile zile tano, kila silabi huishia kwa irabu, na "ng" yao ni ile ya ng'ombe, inayowatesa Waingereza. Tulipousoma mstari wa kwanza, mzee akatutazama na kutuuliza tulijifunzia wapi. Mpwa wetu akavimba kichwa kwa ajili ya mjomba wake.

Fahari hiyo iliisha tuliposimama. Haka haina ngoma ya kupigwa. Ngoma ni mwili wenyewe, viganja juu ya mapaja na kifua, na miguu inayokita ardhi kwa pamoja. Magoti hukunjwa muda wote. Juu ya hayo, vidole havitulii: hutikiswa kwa mtetemo mwepesi uitwao wiri. Wiri yetu ilifanana na mtu anayekung'uta maji ya udhu, na watoto hawakuficha kicheko.

Mzee akaeleza kuwa mtetemo huo ni mfano wa mazigazi, yale mawimbi ya hewa juu ya ardhi iliyochomwa na jua, na kwamba katika visa vya wazee wao mazigazi hayo ni mtoto wa Jua na Kiangazi, naye ndiye asili ya haka. Hapo moyo wetu ulisita, kwa kuwa jambo sasa liligusa itikadi. Tulimsubiri amalize, tukamuuliza faraghani. Alijibu kwa upole kwamba kwao hicho ni kisa cha nasaba ya ngoma, na hajapata kumtaka mtoto yeyote akikiri. Na dua yao ya kufungulia mazoezi, asiye wa imani hiyo husimama kimya.

Tukamuuliza pia habari za ile haka mashuhuri ya Ka Mate, tuliyoidhania kuwa ni kutisha watu. Kumbe ilitungwa na mtemi Te Rauparaha, yapata mwaka 1820, baada ya kujificha katika shimo la viazi huku maadui wakimsaka, kisha akatoka salama. Ni maneno ya mtu aliyekiona kifo kinapita juu ya kichwa chake. Watu wake, Ngāti Toa, wameilinda hata Bunge likatunga sheria mwaka 2014 ya kuwatambua kuwa ndio wenye haka hiyo.

Ijumaa tuliswali Masjid Al Noor, mkabala na bustani ya Hagley. Msomaji anaukumbuka msikiti huo. Tarehe 15 Machi 2019, hapo na katika msikiti wa Linwood, waliuawa Waislamu 51 katika ibada ya Ijumaa, wakiwamo wanafunzi. Siku chache baadaye wanafunzi wa mji walikusanyika kando ya bustani ile, wakawaomboleza wenzao kwa haka. Haka huchezwa hata katika misiba. Ni heshima kwa maiti. Tulipotoka, shemeji alisimama akiitazama bustani kwa muda mrefu. Hakusema neno.

Usiku ule tukatoa rai yetu, tukikumbuka Wahabeshi waliocheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, siku ya Idi, Bibi Aisha akiwatazama. Mtoto acheze haka. Wakati wa dua yao anyamaze. Nyimbo za gitaa zinazochanganya wavulana na wasichana asishiriki. Avae suruali, si lile vazi la nyuzi linaloacha magoti wazi. Hilo la mwisho lilimuuma, na siku tuliyoondoka alikuwa bado amenuna kidogo. Lakini rai ni rai.

Jumamosi wazazi walialikwa kwenye marae, uwanja na nyumba ya kukutania Wamaori. Tulivua viatu mlangoni kama msikitini. Wenyeji husalimiana kwa kugusanisha pua. Kwa wanaume tulifanya, kwa akina mama tuliweka mkono kifuani, wakaelewa. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba mgeni akishahutubu, watu wake husimama nyuma yake na kuimba. Tulihutubu, tukanyamaza, na nyumba nzima ikatungoja. Ndipo shemeji, yule yule aliyekataza, akasimama na kuanza kasida ya madrasa yetu ya utotoni. Tukaipokea, dada yetu naye kwa sauti ya chini, na mtoto katikati yetu.

Garini mpwa wetu alimwambia baba yake kwamba ubeti wa pili aliukosea. Baba mtu hakujibu. Tulipokuwa tumesimama kwenye taa nyekundu, tuliviona vidole vyake juu ya usukani vikiijaribu wiri, vibaya kuliko vyetu.